Upande Wao Umebaki Viti

Masanduku ya maiti ya mgodi yalikuwa ya urefu mmoja, kama sare za shule, na kama sare za shule hayakumkaa mtu yeyote vizuri. Wafupi walibaki wakicheza humo ndani. Mrefu kama Nkwabi hakuingia kabisa. Fundi Pius alijaribu kumlaza ubavu, akajaribu kumkunja magoti, goti la kulia likakataa kama lilivyokuwa likikataa siku zote, mwishowe akang'oa ubao wa miguuni na kuunga kisanduku kingine kidogo, cha mbao zenye rangi nyeupe ya zamani na mstari mwekundu uliokuwa ukibanduka. Nikamwambia fundi kwamba marehemu ameongezewa sebule. Hakucheka. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori asubuhi ileile, nimetoka shule ya bweni kwa likizo, begi langu bado mkononi, na nilikuwa natafuta mtu yeyote wa kucheka naye kabla sijaanza kulia, maana kijana wa umri wangu akionekana analia pale kambini, atakumbushwa mpaka siku anayooa.

Habari za ukoo wangu nitaziruka, hazina faida kwa msomaji na kwangu zina faida ndogo zaidi. Inatosha kujua kwamba mimi ni Mgogo niliyekulia kwenye kambi ya mgodi wa dhahabu, huku Geita, katikati ya Wasukuma, na kwamba Mgogo na Msukuma ni watani tangu zamani za babu zetu waliobeba mizigo ya watu kwenda pwani. Kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kumtukana Nkwabi asubuhi, mchana na jioni, naye alikuwa na ruhusa ya kunyang'anya nyama kwenye sahani yangu, na hakuna mzee ambaye angetusikiliza tukishtakiana. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule niliokuwa darasa la nane, nikilala chumba cha mbele cha nyumba yake kwa sababu ambazo ni za ukoo, na ukoo nimeshasema nauruka.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili chini ya bati moja refu lililofunika familia nyingi, na kuta hazikufika juu. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanakuombea. Kwenye ukuta wa chumba changu vilitundikwa vitu vitatu ambavyo Mama Kulwa, mke wake, alivipangusa kila siku kabla hata ya kuwapangusa mapacha wake makamasi: jembe fupi la ngoma lenye mpini uliong'aa kwa mafuta ya mikono, mpira wa ngozi ndani ya wavu, na jozi ya viatu alivyoshonewa Nkwabi na fundi wa Mwanza kwa turubai na tairi, kwa kuwa hakuna duka lililokuwa na viatu vya mguu ule. Usiku vile viatu vilinitisha kidogo. Vilikaa kama watoto wawili waliolala. Chakula tulikula chumba hichohicho, ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na msimu mzuri furu kutoka ziwani, na Nkwabi alikaa na miguu yake imetoka nje ya mlango kwa kuwa ndani haikuwa na pa kwenda. Jirani akipita anasalimia miguu kwanza. "Mwangaluka," wanaiambia, na sauti ya Nkwabi inaitikia kutoka ndani.

Alikuwa mtu wa kwanza niliyemjua, na mpaka leo wa pekee, aliyelipwa mshahara kwa kurusha mpira. Kwa maneno ya ofisi alikuwa mtunza stoo, lakini ufunguo wa stoo alikuwa nao mtu mwingine na Nkwabi hakuwahi kujua hata mlango unafungukia upande gani. Meneja wa zamani, Mzungu mmoja mnene aliyekulia kwenye mchezo huo huko kwao ng'ambo, alimwona siku moja kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe, akilirusha jembe juu likazunguka hewani kama panga boi, yeye akageuka kuwachekea wasichana, na jembe likamrudia mkononi nyuma ya mgongo kama mbwa anayejua kwao. Mzungu akaagiza pete ya chuma ifuliwe karakana, fundi Pius akachonga ubao na kuupaka rangi nyeupe yenye mstari mwekundu, na Nkwabi akapewa mpira. Wanawake waliokuja kutazama walisema Wazungu ni watu wa ajabu, wanasuka kikapu kisicho na kitako halafu wanashangaa vitu vinapita. Miaka iliyofuata aliwafunga vijana wa Kihindi wa Mwanza, aliwafunga askari wa Tabora, aliwafunga watu wa viwanda vya pamba wote waliothubutu. Watu walitembea kutoka Sengerema kuja kumwona akiruka. Na siku zote hizo, wenzake wakishuka shimoni, yeye alibaki juu, kwenye jua, na hilo ndilo lilikuwa sharti lake la pekee na Mzungu wake: mimi nitaruka, wewe usinishushe.

Alishawahi kushuka, zamani, alipofika Geita kijana. Aliniambia siku moja akiwa ananyoosha mguu wake mlangoni. "Mtu wa urefu wangu kule chini ni njiti kwenye kiberiti kifupi. Utaingia, Mgogo. Lakini lazima kwanza uvunjwe." Nilimwambia kwamba sisi Wagogo tulichagua ufupi kwa akili, tuliona mbali. Akaninyang'anya furu.

Mwaka ule yule Mzungu mnene alirudi kwao na ini lake lililoharibika, akaja mwingine, mwembamba, anayetembea haraka kama aliyeacha maziwa jikoni. Huyu alipenda mpira wa miguu. Aliwaita wachezaji barazani kwake, nami nikiwemo, kwa kuwa mtu wetu wa tano, dereva, alikuwa amehama na nilishachukuliwa mahali pake. Nilichukuliwa kwa sababu ya mdomo. Nkwabi alisema mdomo wangu utawachosha wapinzani kabla miguu yake haijachoka. Basi bwana mpya akazungumza, na Abdallah karani, aliyecheza nasi na kutufasiria, akasema tukilileta kombe kutoka kwa watu wa mgodi wa almasi kule Shinyanga mwisho wa kiangazi, mchezo utaendelea. Tusipolileta, uwanja utasawazishwa kwa ajili ya mpira wa miguu, na kila mtu atarudi kwenye kazi yake, na asiye na kazi inayoeleweka atatafutiwa moja chini. Alipofika hapo Abdallah alipunguza sauti, kama mtu anayetangaza msiba uliomkuta mwenyewe. Nkwabi alitazama vidole vyake. Aliuliza kitu kimoja tu, kama bwana mwenyewe atakuja kutazama. Akaambiwa atakuja. "Basi ataona," akasema.

Alichokijua yeye na mimi, na Mama Kulwa, ni kwamba goti la kulia lilikuwa limekwisha. Lilivimba kila jioni. Mganga mmoja alilichanja na kulipaka mafuta ya chatu, mwingine akalifunga kwa gome, dresa wa hospitali ya mgodi alilibonyeza akasema lipumzishwe, ushauri mzuri sana kumpa mtu ambaye goti lake ndilo linalomlisha. Nilimwambia limekuwa kubwa kiasi kwamba tukipoteza mpira tutarusha goti. Alicheka mpaka akashika mlango. Baadaye, kupitia ule ukuta usiofika juu, nilimsikia Mama Kulwa akimsugua na kumuuliza kama linauma hapa, na hapa, na Nkwabi akijibu hapana, hapana, kwa sauti ya mtu aliyeuma shuka.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila Msukuma analijua na hakuna Mzungu aliyelijua, maana mwaka wote ule ulikwama juu yake. Kwao, ngoma hazichezwi moja baada ya nyingine huku watu wazima wamekaa wanatoa alama. Vikundi viwili vinasimama kwenye uwanja mmoja, wakati mmoja, hawa huku, hawa kule, kila kimoja na manju wake anayeongoza nyimbo na dawa zake alizozifukia alfajiri. Watazamaji wako huru. Wanaanza katikati, wanasogea huku, wanatorokea kule, na jua likielekea kuzama kikundi kilichoachwa peke yake na vumbi lake kimeshindwa. Hakuna refa. Hakuna wa kubisha, kwa kuwa atabishana na nani, watu wote wako upande wa pili. Nkwabi alilelewa na sheria hiyo tangu hajui kuvaa suruali. Mpira alikuja kujifunza akiwa mtu mzima.

Tulikwenda kwa lori la mgodi, tukala Kahama, pale Nyasubi, michembe ya karanga, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa mama mmoja aliyemtazama Nkwabi akauliza kama kwao hutumia ngazi kumnyoa, na kesho yake tukafika Shinyanga tukiwa wekundu kwa vumbi. Wale wa almasi walikuwa na viatu vipya vinavyofanana, filimbi ya fedha na ubao mkubwa wa kuandikia magoli. Upande wao kulipangwa viti kwa ajili ya Wazungu, bwana wetu mwembamba akiwa katikati yao. Lakini uwanja wote uliobaki ulijaa watu wa vijijini, wazee na fimbo zao, akina mayu na watoto mgongoni, vijana wenye baiskeli zilizofungwa vioo, kwa kuwa Shinyanga ndiko alikozaliwa Nkwabi, na habari zilishatangulia kwamba yule wa majembe anakuja kushindana.

Alianza vizuri. Alifunga kwa kusimama tu, bila kuruka, kwa ule mkono wake mrefu. Kisha wale wa almasi wakagundua kwamba harukagi, wakamwekea vijana wawili wenye nguvu mbele yake, na ikawa hana njia isipokuwa juu. Nilimpa pasi. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya mafuta ya chatu. Akaruka, na goti likalia kama kijiti kikavu, na nina hakika ni mimi tu niliyelisikia kwenye uwanja ule wote. Akashuka kwa mguu mmoja. Hakuanguka. Mpaka kipindi cha kwanza kinakwisha upande wao wa ubao ulikuwa umejaa na wetu karibu mweupe kama daftari langu la hesabu. Wakati wa mapumziko alikunywa maji, akamwagia mengine goti, akatazama watu. Aliwatazama muda mrefu, upande huu, kisha upande ule. Nilimwambia abaki nyuma, Abdallah amshikie nafasi yake chini ya kikapu. Akasema, "Mgogo, leo funga mdomo wako unipe mpira tu."

Nikampa. Alisimama chini kabisa ya kikapu chao, hakuna mtu mbele yake, hata mtoto angefunga. Akakipa kikapu mgongo. Akauzungusha mpira juu ya kidole, akaurusha juu, akageuka kuwachekea akina mayu, na mpira ukamrudia nyuma ya mgongo. Mahali fulani mwanamke akapiga kigelegele. Vijana wa almasi wakaja kumpokonya, akaupitisha chini ya mkono, juu ya bega, ukateremka mgongoni ukasimama kwenye kisogo huku yeye ameinama kama anayelima, akachechemea kwa mguu wake mmoja mzima, kuchechemea ambako sasa kulikuwa kumegeuka mtindo wa ngoma, akaanzisha wimbo. Ule uwanja ukaitikia. Refa alipiga filimbi, ikawa filimbi ni sehemu ya ngoma. Walipomnyang'anya mpira na kwenda kufunga, hakuna aliyewatazama wakifunga. Watu walianza kuvuka. Kwanza vijana, halafu wazee wakijidai wanafuata kivuli, halafu akina mama wote kwa pamoja, wakapita katikati ya uwanja mchezo ukiendelea, wakaja upande wetu, na wale wa almasi wakawa wanafunga magoli mbele ya Wazungu walioketi na kijana mmoja wa kuandika alama, ambaye naye alikuwa amepinda shingo kututazama.

Filimbi ya mwisho ilipolia walimbeba. Wazee walimtemea mate ya baraka. Kwa watu wale hapakuwa na swali. Hapajawahi kuonekana mtu aliyeshinda vile. Alinishika kichwa kutoka juu ya mabega yao, akaniinamia, jasho lake likanidondokea. "Umeona? Upande wao umebaki viti." Nikamwambia kuhusu ubao wa magoli. Nilimwambia taratibu, kwa mara ya kwanza bila kuongeza chumvi. Akasema zile ni hesabu zao, bwana ana macho, ameona watu walikokwenda. Nikageuka kumtafuta bwana. Alikuwa amesimama anampa mkono Mzungu mwenziwe wa almasi, na kombe lilikuwa juu ya kiti.

Nimelifikiria sana hili nikiwa bwenini, taa zimezimwa na mwalimu wa zamu akidhani nimelala. Wapo wanaosema hakuelewa mchezo. Alielewa kuliko wote waliokuwepo. Goti lilipokwisha aliona kwamba kwa sheria ile ya ubao ameshashindwa, akahamia sheria nyingine, ambayo bado aliiweza. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba yule mtu mwembamba kwenye kiti ataona alichokiona yeye. Yule mtu aliona kibarua mrefu anayefanya mchezo huku timu inafungwa. Kwenye lori Nkwabi aliimba mpaka Kahama. Kutoka Kahama hatukumsikia tena.

Ubao wa fundi Pius uliteremshwa wiki hiyohiyo, ukaegemezwa nyuma ya karakana. Nkwabi akapewa kofia ya chuma na taa. Siku ya kwanza niliamka mapema nikaenda kumwona akiingia kwenye kile kizimba cha kushushia watu, na nilikuwa nimetayarisha maneno ya utani, mazuri, nilikuwa nimeyafikiria usiku. Alilazimika kupiga magoti ili mlango ufungwe. Sikuyasema. Jioni alirudi na ngozi imechubuka mgongoni, pingili kwa pingili, kwa kugusa dari ya mwamba, na Mama Kulwa akampaka samli huku mapacha wakimhesabia vidonda kama wanaohesabu shanga. Akawa anakula kidogo na kukohoa sana. Miguu yake haikutoka tena nje ya mlango. Alijifunza kuikunja, hata nyumbani. Majirani walisalimia mlango mtupu, wakaacha.

Mazungumzo yaliyobaki kichwani mwangu niliyasikia Jumapili moja mchana wa masika, nikijifanya nasoma. Mama Kulwa alikuwa anamwomba waondoke. Alisema warudi Shinyanga, wana shamba, watalima pamba, atakaa kwenye jua, kifua kile cha vumbi kitafunguka. Alizungumza kwa Kisukuma, polepole, kama anayembembeleza ng'ombe aingie zizini. Mvua ilipiga bati.

"Kule wanaimba kwamba nilishinda," akasema Nkwabi.

Mama Kulwa akasema wanaimba, ndiyo, basi aende akaimbiwe.

"Nikienda hivi nilivyo wataniona. Mayu Kulwa, niache. Kule bado nimeshinda."

Hilo ndilo lililomweka chini ya ardhi, kuliko yule bwana na sheria zake. Mgodi ungemwacha aende siku yoyote; watu wa kushuka walipanga foleni getini. Alikaa shimoni akikohoa ili kule kwao aendelee kuwa juu ya mabega ya watu. Mimi nilifaulu mitihani, jambo lililowashangaza walimu kiasi cha kuomba isahihishwe upya, nikaenda bweni, na kila likizo nilimkuta amepinda zaidi, mpaka ile ya mwisho kabla kifua hakijamuua, nilipoweza kumtazama machoni bila kuinua uso. Nilimwambia nimerefuka. Akasema, "Ndiyo, umerefuka," wala hakuninyang'anya chochote.

Sasa turudi kwenye mazishi. Mama Kulwa alitaka akazikwe kwao, lori halikupatikana. Kaburi lilichimbwa nyuma ya kambi, refu, na wachimbaji walilalamika juu ya urefu huo. Watu walikuja wa kutosha mwanzoni. Lakini ilikuwa Jumamosi, na mita chache tu ng'ambo ya makaravati, pale ulipokuwa uwanja wetu, timu ya mgodi ilikuwa inacheza mpira wa miguu na wageni kutoka Mwanza. Tulisikia filimbi. Kisha tukasikia watu wakishangilia, na nikaona nyayo zikigeuka. Vichwa vilibaki vimeinama kwa heshima, nyayo zikageuka. Mmoja akarudi nyuma hatua, kama anayempisha mwenzake. Wazee wakajidai wanafuata kivuli.

Mama Kulwa hakuinua uso. "Yona," akaniambia, "wanaondoka. Fanya utani wako."

Ni haki ya mtani. Mazishi hayaendelei mpaka aridhike. Nikaruka kaburini, nikajilaza chali, nikatangaza kwamba sitoki mpaka nipewe jogoo. Nikasema Msukuma huyu amepewa shimo kubwa kuliko shamba lake. Nikasema maisha yake yote alikimbia mashimo ya watu, ona sasa amechimbiwa lake, la kwanza ambalo ananyooka ndani yake. Mtu mmoja juu alicheka, nikapata nguvu. Nikatukana urefu wake, viatu vyake, goti lake, ule wimbo wake wa Shinyanga, nikaimba hata kipande, vibaya makusudi. Ng'ambo wakashangilia tena, kwa nguvu, lazima lilikuwa goli. Kutoka pale chini niliona kipande cha anga na vichwa pembeni yake, na kila nilipopepesa macho vichwa vilikuwa vimepungua, nami nikaongeza sauti, nikatoa utani wote nilionao, hata ule wa walimu wetu ambao hapa hakuna anayewajua, mpaka sauti ikakwaruza.

Niliposimama nikachungulia, upande mmoja walikuwepo Mama Kulwa, mapacha, na fundi Pius amelishika sanduku lake la vipande viwili lisiteleze. Upande wa pili palikuwa na rundo la udongo. Hata viti havikuwepo. Fundi akanipa mkono nikatoka, tukamshusha kwa kamba, sisi wenyewe. Tulipotaka kufukia hatukuona jembe, wachimbaji walikuwa wameondoka na majembe yao, na ikabidi Kulwa atumwe nyumbani, akarudi amelikumbatia lile fupi la ukutani, lililong'aa kwa mafuta, nasi tukapokezana kufukia kwa hilo.